Maziwa ya dumu au ya pakiti?

Mi ya dumu nayapenda aisee, mazito, ukichemsha yanaweka utando wa mafuta juu, ila shida ni lile dumu lenyewe, mdomo mwembamba mkono hauingii, ndani plastiki imechubuka na bakteria wanajificha humo hata ukisuuza mara kumi. Ya pakiti kiwandani yanapashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 hivi, vijidudu vya brusela (ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo) na TB kwisha, lakini umeme ukikatika dukani kutwa nzima nayo yanachacha tu, na bei inauma. Kwangu bado dumu, ila nachemsha mpaka yapande kabisa, sio kupasha vuguvugu kisa mtoto analia. Mtindi wa maziwa mabichi ndo sigusi, uchachu hauui brusela wote.