TAHADHARI: Rupia feki za Mjerumani zinauzwa Mwaloni

Wadau wa sarafu za zamani, Mwanza hii mpaka visiwani, kaeni chonjo. Kuna tapeli anauza rupia feki, zile sarafu za madini ya fedha za enzi za Mjerumani, na si zile za kubabaishia watalii. Hizi kazitengeneza mtu anayejua anachofanya. Msinicheke kwanza, someni.

Tulikaa kwa mama ntilie, soko la samaki la Mwaloni, nyuma ya pale wanapoanika dagaa. Jamaa akatoa kipande cha kanga, akakifungua taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili. Ndani sarafu tano: nne za rupia moja na ile KUBWA, rupia mbili ya 1893. Kaizari na kofia yake yenye tai juu, maandishi GUILELMUS II IMPERATOR yamemzunguka, upande wa pili simba na mti wake. Masizi yamejaa kwenye manyoya ya simba kama kitu kilicholala chini miaka mia. Mnajua nimeisaka hiyo tangu lini. Zilitolewa 1893 na 1894 tu, basi. Akaigonga mezani, ikalia vizuri. Kabla sijasema neno akachomoa mfukoni sumaku ya spika ya redio, akaipitisha juu yake. Haikushika.

Sasa ningeachaje kumwamini? Habari za rupia zinazovuta mchele, ule utapeli wa sarafu za miujiza, hakuzigusa kabisa. Mtu akianza hizo huwa nanyanyuka. Bei hakutaja mpaka nilipouliza mwenyewe. Alijua Mjerumani kang'olewa Mwanza Julai 1916. Alijua zile za simba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ziliishia 1902 na za serikali zikaanza 1904, tena hapo alinisahihisha mimi! Na mama ntilie wanaongea Kikerewe. Eti babu yake wa huko Nansio, Ukerewe, kafariki, chungu kimekutwa chini ya sakafu, ndugu wanagombana, yeye anataka ada ya mtoto tu. Halafu aliyemleta ni shemeji. Shemeji mnamjua, hilo tuliache.

Laki sita na nusu. Nikamrushia palepale. Likatokea jina la kike, akasema laini ni ya mama watoto. Nikameza. Akaaga kwamba anawahi feri Kamanga, na simu haipatikani mpaka leo.

Sonara ndiye aliyenivua nguo. Ile kubwa inatakiwa ifike gramu 23.3, mizani ikasoma 19 na pointi. Zile ndogo zinatakiwa 11.66, na kila moja ilikuja na uzito wake. Akadondosha tindikali, likachuruzika povu la kijani. Akamwita kijana wake aje aone. Kijana akawaita wenzake.

Angalieni ukingo: kuna mshono mwembamba unazunguka, mtu kaupiga tupa ukafutika nusu, na meno ya ukingo yakaliwa hapo. Kuna vitundu vitundu vya kumwaga kwenye kalibu. Na zile nne, miaka tofauti, zote zina mkwaruzo uleule shavuni kwa Kaizari, mahali palepale! Sumaku haisemi kitu, shaba nayo haishiki. Nunueni mizani, ile ndogo ya masonara.

Ila mizani ni yetu sisi, yeye je? Huyu anyolewe kwa chupa! Azungushwe Mwaloni yote na hizo rupia shingoni, wauza sangara wamsindikize. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai, RB ya polisi ninayo, na nitampeleka mpaka mwisho hata kama nauli itazidi alichonipiga. Mwenye laini naye aungane naye. Shemeji atajieleza mbele ya wazee.

Aliniahidi kwamba safari ijayo analeta ya dhahabu, ile ya tembo, rupia 15 ya Tabora 1916. Wa Bukoba na Musoma, mkiitiwa hiyo na mtu wa kanga yenye mafundo, msimfukuze. Mwagizieni chai na sambusa, akae, mnipigie.