Kasri la Forodhani au magofu ya Mtoni?

Watu wananiuliza sana, nikija Unguja nna siku moja tu, niende Beit al-Sahel pale Forodhani au nipande daladala la Bububu nishuke Mtoni? Inategemea unatafuta nini, ila mie moyo wangu uko Mtoni.

Beit al-Sahel ndo lile jengo jeupe linalotazama bahari. La mwanzo lilipigwa mizinga na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita vya dakika kama 38 hivi, hili tunaloliona lilijengwa baadae, masultani wakakaa humo mpaka Mapinduzi ya 1964, kisha likawa la serikali na 1994 likageuzwa makumbusho. Uzuri wake vitu vyenyewe vipo, fanicha, picha za masultani, vyumba vya Sultani Sayyid Khalifa huko juu, na chumba kizima cha Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliyeondoka Unguja 1866 akaolewa na Mjerumani.

Mtoni hakuna kiti wala picha, kuta tu. Lakini hii ndo nyumba ya Sayyid Said, na Salme kazaliwa hapa 1844, ukipitisha mkono ukutani chokaa inakumong'onyokea vidoleni na mawe ya matumbawe yanaonekana, bahari hiyo hapo, na kama ushasoma kumbukumbu alizoziandika mwenyewe basi mwili unasisimka jamani, maana ua aliouchezea utotoni ndo huo umesimama.

Mwenye watoto aende Forodhani, watapata cha kutazama. Mtoni nenda jioni, taratibu, bila haraka.