Villa nzuri Toscana, lakini ulizeni stima kwanza

Picha za villa tuliyokodi Toscana, Italia, zilionyesha kila kitu isipokuwa kisanduku cha kijivu kule langoni. Bwawa lilikuwapo, miberoshi imejipanga kando ya njia, meza ya mawe chini ya mtini, hata bakuli la malimau jikoni ambalo tulilikuta ni la plastiki. Kisanduku hakikupigwa picha, na mimi nimekitembelea mara nyingi kuliko nilivyoogelea.

Vyumba vingapi, bwawa urefu gani, hayo mtayasoma wenyewe kwenye tangazo. Mimi nimekuja kuzungumzia stima.

Ila kwanza mjue kwa nini nina hasira kiasi hiki. Mimi ni mtu wa Malindi, siku hizi naishi Uingereza. Anayeijua Malindi hana haja ya kusimuliwa habari za Waitaliano. Wako pale tangu miaka ya 1960, walipoweka mitambo yao ya roketi baharini kule Ngomeni, kisha wakaja wenye mahoteli, wenye pizza na wenye majumba ya likizo. Mamangu amewapikia katika majumba hayo sehemu kubwa ya maisha yake. Anakanda pasta kwa mkono, na ukimuudhi anakusema kwa Kiitaliano safi. Lakini Italia yenyewe alikuwa hajaitia machoni. Viza yake ilipotoka, mimi na dadangu anayekaa Ujerumani tukakubaliana kwamba safari hii mgeni ni yeye. Tukachanga, tukakodi villa huko Toscana, kati ya miji ya Siena na Pienza, aketi, aandaliwe, apunge upepo.

Mama kuketi? Jioni ya kwanza, au labda ya pili, alikuwa ameshaliteka jiko. Tulimpitisha supamaketi akaona samaki, akasema samaki wale wanataka kupakwa. Tui la kopo tulikuwa nalo kwenye begi, hatusafiri bila tui. Basi samaki wako kwenye oveni, dadangu ametia nguo za watoto kwenye mashine ya kufua, AC inanguruma chumba kimoja tu. Tap! Giza. Tena si giza la mjini. Ni giza la shamba, jirani wa karibu ni taa moja ndogo juu ya kilima cha ng'ambo. Watoto wakashangilia. Mama amesimama na mwiko mkononi, akauliza, "Kumbe hata kwao stima hupotea?"

Tulicheka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza.

Mume wangu akafungua kiboksi cha swichi ukutani, swichi zote ziko juu, hakuna iliyoanguka. Tukampigia msimamizi wa villa, hakushika simu. Baada ya muda akatuma ujumbe mfupi: mita iko langoni. Lango lenyewe liko chini kabisa, njia panda na barabara ya lami, na kutoka nyumbani hadi pale ni ile njia yao ya changarawe nyeupe ambayo kwenye picha inavutia sana. Iteremke usiku na ndala, tochi ya simu mkononi, halafu uniambie inavutia vipi. Nikakuta kisanduku, nikafungua kilango chake, buibui mkubwa akanipisha. Ndani kuna mita yenye kioo kidogo na kijiti cha kuinua. Nikainua. Kule juu nyumba ikawaka yote, nikasikia watoto wakipiga makofi. Nikaanza kupanda. Sijafika hata kwenye mti wa kwanza, tap, giza tena.

Sasa sikilizeni, maana hili hakuna tangazo litakalokuambia. Nyumba nyingi za Italia zimeandikishwa kwa kampuni ya umeme kutumia kilowati 3 kwa wakati mmoja, basi. Kuna nyongeza kidogo wanayokuvumilia, kama sehemu ya kumi hivi, lakini ukiipita sana mita inakata yenyewe. Birika letu la chai la Uingereza peke yake linakaribia kilowati 3. Oveni inakula kama 2. Mashine ya kufua ikianza kupasha maji, hesabu nyingine 2. Kwa mzee na mkewe kwenye fleti yao Milano, sawa, wanajua wakizima hiki wawashe kile. Lakini hii ni villa inayotangazwa kwa familia mbili! Ina oveni ya mahoteli, AC kila chumba, mashine ya vyombo, na viti kumi na viwili mezani. Vyote hivyo vinaning'inia kwenye kilowati 3.

Na bado sijawaambia habari ya pampu. Dadangu ndiye aliyeigundua, ana masikio. Akasema kila mara kabla ya giza husikia mngurumo nyuma ya ukuta wa bwawa. Tukaenda kuchungulia: pampu ya kusafisha maji, imefungwa saa ya kujiwasha, na hujiwasha jioni, wakati watu wote wa dunia wanapika. Kwa hiyo hata tukizima mashine, tukizima AC, tukabaki na oveni na taa, pampu inaamka na kutumaliza. Wiki nzima tumeishi kwa ratiba ya pampu. Samaki wa kupaka waliliwa usiku mwingi, upande mmoja wameiva na mwingine wana wasiwasi, tukamalizia kwenye sufuria juu ya gesi. Mshukuruni Mungu jiko la juu lilikuwa la mtungi.

Kinachonichoma ni kwamba dawa ipo. Mwenye nyumba akitaka, anaomba kampuni yake ya umeme impandishie hadi kilowati 4.5 au 6. Ni maombi ya kawaida, watu wanafanya kila siku, malipo ya mwezi yanapanda kiasi. Kwa bei tuliyolipa kwa wiki ile moja ya kiangazi, angeipandisha na chenji ikabaki.

Msimamizi alikuja kesho yake baada ya lile giza la kwanza, saa ambazo jua limeshakuwa kali. Mama alikuwa mlangoni na ufagio, anafagia vumbi la changarawe, maana hawezi kuona vumbi akapita. Yule bwana akashuka kwenye gari, akamtazama, akauliza kwa Kiitaliano, bila hata salamu: wageni wako wapi?

Mama akamjibu, "Mgeni ni mimi."

Mngemuona! Hakuomba radhi. Alimpita mama kama hakumsikia, akaingia ndani na kuanza kumhutubia mume wangu, ambaye Kiitaliano chake kinaishia ciao. Kwamba sisi tunapika mno. Kwamba wageni wengine hawalalamiki. Kwamba pengine kwetu hatujazoea vyombo vya umeme. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini kidogo, akidhani hakuna anayeelewa, na nyuma yake amesimama mwanamke aliyewasha na kuzima oveni za Waitaliano tangu mimi niko darasa la kwanza.

Mama hakupandisha sauti. Alimwambia, kwa Kiitaliano chake cha jikoni cha Malindi, kwamba amefanya kazi katika nyumba nyingi za watu wa nchi hii, na kule kwetu stima hupotea, naam, tena hupotea sana. Lakini katika nyumba hizo jenereta huwaka kabla mgeni hajaweka kijiko chini, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kumuuliza mgeni wake amepika nini.

Yule bwana akawa mwekundu. Akarudi kwenye gari nikadhani anaondoka. Kumbe anafuata karatasi. Akaibandika kwenye friji: oveni isiwashwe pamoja na mashine ya kufua, kikaushia nywele kisiwashwe pamoja na AC, mashine ya vyombo baada ya saa fulani ya usiku, na kuendelea. Nikaisogelea. Karatasi ilikuwa imefunikwa plastiki. Pembe zake zimegeuka rangi ya manjano, na juu ina alama za gundi ya zamani, tabaka juu ya tabaka. Yaani ile karatasi imekuwa ikikaa ndani ya lile gari kwa miaka, inangoja mgeni alalamike ndipo itolewe. Nilipoiona ile plastiki ndipo hasira ilinishika barabara. Wanajua, na wamejua siku zote.

Kwa karatasi nyingine, lazima niseme ukweli, wako safi. Siku hizi sheria ya Italia inataka nyumba ya kukodishwa kwa muda mfupi iwe na namba ya usajili ya taifa, iandikwe kwenye tangazo na ionekane nje ya mlango. Ilikuwapo, nimeiona kwa macho yangu. Pasipoti walizichukua wakazinakili wapeleke taarifa polisi, msishtuke mkiombwa, hiyo ni sheria kwa kila mgeni. Kodi ya utalii, kila kichwa kwa kila usiku, tulipewa risiti. Kizima moto kipo, king'ora cha gesi kipo. Sheria imemdai mwenye nyumba yote hayo, ila kilowati haikumdai.

Na hapa ndipo nyota ninazoipa villa hii zinapoanza kunisumbua. Niliweka moja, nikafuta, nikaweka nne, nikaona nimekuwa mjinga, nikafuta.

Kwa sababu nyumba ni nzuri. Siwezi kusema uongo. Kuta zake ni nene kama za nyumba za mawe za Lamu, na mama alizielewa kabla yetu. Asubuhi mapema alifunga mbao za madirisha zote, usiku akafungua, na baada ya hapo AC hatukuihitaji tena. Mchana kweupe, nje jua linachoma nyasi, ndani kuna ubaridi mtamu na harufu ya jiwe. Mamangu, ambaye kwangu Uingereza huamka alfajiri na kuanza kupanga makabati ya watu, alilala mchana. Nilienda kumchungulia nikidhani anaumwa. Amelala tu, mdomo wazi.

Tukampeleka Pienza, mji mdogo unaonuka jibini kutoka mlangoni hadi mlangoni. Aliingia duka moja, akaonjeshwa pecorino, akaikataa, akaonjeshwa iliyokomaa zaidi, akaanza kumuuliza muuzaji imekaa miezi mingapi na imehifadhiwa wapi. Muuzaji akamuuliza Kiitaliano amejifunzia wapi. Aliposikia Malindi akaita mwenzake kutoka nyuma, mama akavutiwa kiti. Tulimngoja nje hadi watoto wakamaliza aiskrimu ya pili. Alitoka na jibini la bure na vidokezo vya kupika maharagwe ambavyo alivipinga njia nzima. (Mkate wa huko hauna chumvi, hauna kabisa. Msirudi dukani kugombana, ndivyo walivyo watu wa Toscana.)

Nikikumbuka hayo, mkono unaenda kwenye nyota ya nne. Hata kile kisanduku nilianza kukizoea. Usiku mmoja tulishuka wote, watoto na mienge ya simu, tukaimba njiani. Nikasema, basi, yaishe, likizo ni likizo.

Halafu nimerudi nyumbani, nimeshafua na kupanga, ujumbe unaingia kutoka kwa mwenye villa. Si msimamizi, ni mwenyewe, ambaye wiki nzima hatukumsikia hata kikohozi. Ananishukuru kwa ukarimu wetu, ananitakia kila la heri, na ananiarifu kwamba katika amana tuliyoweka amekata yuro 80 kwa "matumizi makubwa ya umeme".

Matumizi makubwa! Ya umeme upi? Ule uliokuwa unakatika kila jioni? Mkataba unasema AC hulipiwa kwa kadiri ya mita, nakubali, nilisoma, nilitia saini. Lakini AC tuliizima, tuliokolewa na kuta. Na alilolisahau ni kwamba mimi nimesimama mbele ya mita yake mara nyingi kuliko yeye. Usiku ule wa kwanza nilipiga picha ya kioo, na asubuhi ya kuondoka nikapiga nyingine. Mita za Italia ukibonyeza kitufe zinakuonyesha hesabu tatu, kwa sababu umeme wao umegawanywa kwa nyakati za siku, na mimi nimezipiga zote tatu. Nimetoa, nimejumlisha. Hata nikimhesabia bei ya juu kiasi gani, na pampu yake ya bwawa humohumo, yuro 80 hazipatikani.

Kwa hiyo mnaotafuta villa Toscana, au Umbria, au Puglia, kabla hamjatuma hata senti, mwandikieni mwenye nyumba swali hili moja: mita yako ni ya kilowati ngapi? Akijibu 6, endeleeni. Akijibu 3 na nyinyi ni watu wawili, hakuna neno. Akianza kuwaeleza uzuri wa machweo, tafuteni nyumba nyingine. Muulizeni pia mita iko wapi. Na siku ya kufika, kabla ya kufungua mabegi, shukeni mkaipige picha.

Nimeshamtumia mwenye villa picha zangu na hesabu, kwa Kiitaliano. Mama ndiye aliyenitajia kwa simu, kutoka Malindi, maneno ya kuandika, na mengine nimeyapunguza makali. Mwenye villa hajajibu. Mpaka yuro 80 zirudi ni nyota mbili, zote za kuta. Zikirudi nitapandisha hadi tatu. Ya nne angeipata, lakini nikikumbuka ile karatasi ya plastiki naona hapana.