Semina ya majeraha ya moyo (ya kihisia) kwa washauri, nimeikubali

Jamani hii semina ya siku mbili imenifungua macho, nipo kliniki ya methadoni, dawa ya kusaidia watu kuacha heroini (unga), hapa Dar (Muhimbili walianza kuitoa 2011) na miaka yote mteja akirudia unga namkaripia, mbona umerudia tena? Kumbe mtu aliyepigwa au kubakwa utotoni ukimpandishia sauti mwili unaweza kujifunga kabisa, hakusikii, wala sio ukaidi. Tumefundishwa vitu vidogo tu, mteja achague kiti, mlango usifungwe na komeo, kipimo cha mkojo mweleze kwanza na umwombe ruhusa. Jumatatu dada mmoja kachagua kiti cha mlangoni, akaongea nusu saa nzima, hajawahi! Ila mazoezi ya kuigiza tulifanya mara moja tu, waongeze siku ya tatu.