Gitaa la kuchongesha ufunge pikapu gani: nazipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya kuikimbia

Nianze na jina kwanza. Hapa Tabora ukisema unatafuta pikapu mtu atakuuliza ya singo kebini au dabo kebini. Mimi nimeshaulizwa hivo, na kinachochekesha ni kwamba swali lenyewe halikuwa mbali na ukweli, maana pikapu za gitaa nazo ni singo, yenye koili moja ya waya, au dabo, yenye mbili, ambayo ndo inaitwa hambaka, na ugomvi wote uko hapo hapo.

Nazungumzia kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani kuna sumaku, imezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele mizunguko elfu saba elfu nane hivi, sasa uzi wa chuma ukitikisika hapo juu unazalisha kaumeme kadogo sana kwenye ule waya afu ndo kanaenda kwenye ampu. Ndo maana gitaa la nyuzi za nailoni hata ulifungie pikapu ya sumaku ya bei gani halitoi kitu.

Mwaka jana nilichongesha gitaa la mninga kwa seremala wa Isevya, jamaa kazi yake ni vitanda na makabati ila mkono wake mtamu. Kosa nililofanya ni moja, nilimwachia achimbe mashimo kabla sijanunua pikapu, nikamchorea vishimo vitatu vyembamba vya singo, baadaye akili ikabadilika nikataka hambaka kwenye bridji, kule nyuzi zinakofungwa chini. Mninga uliokauka vizuri sio mbao ya kuichezea wakuu. Tulitanua lile shimo mchana mzima, patasi ikakatika ncha, na mpaka leo kuna pengo pembeni nimelifunika kwa kipande cha plastiki cheusi. Kwahiyo kabla ya lingine lolote, pikapu iwe mkononi ndo fundi ashike patasi. Na upime pia umbali kutoka uzi wa kwanza mpaka wa sita pale kwenye bridji, maana hambaka zinatengenezwa za milimita 50 hivi na zingine 52 mpaka 53, ukikosea nyuzi za pembeni zinapita nje ya vichwa vya sumaku.

Sasa kitu ambacho kwa huku kwetu kinaamua kila kitu, mgumo, yani ule mlio wa mmm kwenye spika. Singo koili inanasa sauti ya nyuzi lakini inanasa na umeme unaopita hewani, taa za tyubu, transfoma ya ampu, inverta, jenereta. Umeme wetu ni hezi 50, yani mitikisiko 50 kwa sekunde, mgumo unatoka hapo na kwenye 100, na chukua gitaa lako sasa hivi ubonyeze uzi mnene kabisa pale fret ya tatu (vile vijichuma vya shingoni), hiyo ni G, hezi 98. Umeona shida? Mgumo umekaa jirani kabisa na G yako ila haijatyuniwa, kwaya ikiimba kwenye G unasikia kitu kinapigana pigana chini na hujui ni nini. Wamarekani umeme wao ni hezi 60, kwao unaangukia karibu na B, kwahiyo hata ukifuata ushauri wao jua kelele yao sio kelele yako. Na kumbi tunazopigia nyingi hazina athi ya maana.

Namba moja kwangu, kwa gitaa moja linalotakiwa kupiga kanisani asubuhi na bendi usiku, ni mchanganyiko: hambaka ya nguvu ya kati kwenye bridji, singo mbili kati na shingoni. Huu ni mji uliotoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, mtu akikushikisha gitaa hapa anategemea solo isikike nyuzi moja moja, safi, inang'aa, na ile sauti inatoka kwenye singo za shingoni na kati. Ujanja ni kwamba ile ya kati inunuliwe iliyozungushwa kinyume na sumaku yake kinyume, hapo ukiziwasha mbili pamoja mgumo unajifuta wenyewe, yani unapata kale kasauti kakavu ka rithimu bila kelele. Ikiwaka ya shingo peke yake itaguguma, kubali. Muziki ukikolea unaruka kwenye hambaka, kimya kabisa. Hambaka yenyewe chukua ya waya nne na sio mbili, baadaye ukitaka kuigawa iwe singo unaweza.

Ya pili ni singo tatu zile za kimyakimya, ambazo ndani zina koili mbili zimepandana juu na chini. Wanaojidai masikio yao makali wanasema mng'ao unapungua. Unapungua kweli, kidogo, afu besi na ngoma zikiingia hakuna anayejua. Kama wewe ni mtu wa solo na rithimu tu chukua hizi ulale, tatizo ni bei, seti ya maana sio hela ndogo.

Hambaka mbili naziweka ya tatu na najua kuna watu wataninunia. Historia yake tamu, injinia wa Gibson, kampuni ya magitaa, anaitwa Seth Lover ndo aliomba hataza mwaka 1955, ikatoka 1959, zile za miaka ya mwanzo zilibandikwa kikaratasi kwamba hataza imeombwa na leo zinauzwa bei za viwanja. Koili mbili, moja kinyume cha nyenzake, mgumo unaingia kwenye zote unajiua, sauti ya uzi inabaki inajumlishika. Kwa kimya hazina mpinzani na kwa gospo ya kisasa ya kukoroma nzuri mno. Ila hambaka ya shingoni ukipiga rumba inafunika, nyuzi za juu zinakuwa kama zimevikwa soksi, na mninga wenyewe kwa sikio langu sio mbao ya kelele za juu. Ukizipenda basi ya shingoni iwe nyonge kuliko ya bridji, uzi pale unatikisika kwa upana, ukiweka mbili za nguvu sawa ya shingo itaimeza nyenzake.

P-90 naiweka ya nne na roho inaniuma. Ni ya Gibson ya 1946, singo pana, sauti ina nyama na ina ukali humo humo, ningekuwa na gitaa la pili ningefunga hii bila kuuliza mtu. Lakini inaguguma kuliko zote na kwa umeme wetu ukumbi mmoja utapiga kimya, wa pili unakufukuza.

Za betri, kama EMG, kelele hakuna, waya mrefu sio tatizo, betri ya volti 9 inakaa miezi. Ila ukizoea kusahau waya kwenye jeki, betri inaliwa kidogo kidogo bila wewe kujua afu Jumapili moja unabaki unapiga makofi na waimbaji. Na sauti yake imenyooka sana, ukigusa taratibu na ukipiga kwa nguvu kama ni kitu kimoja, mtu wa kubembeleza uzi hataipenda.

Za kuikimbia ni zile zinazouzwa kwa kilo. Muuzaji anakwambia hii kilo-ohm 16, kali, ile kilo 7 laini, kama anapima mchele wa Igunga. Ohm ni ukinzani wa waya tu, zikiwa nyingi inaweza kuwa tu waya mwembamba zaidi, na sumaku ya seramiki ina ukali wake wa alniko ina wake, namba moja haikwambii lolote peke yake. Sisemi za bei chee zote mbaya, seti za Wilkinson kwa mfano watu wanazifunga na zinapiga kazi vizuri. Naogopa zaidi ile yenye jina kubwa kwa bei ya nyanya, hiyo ni feki, hata usibishane.

Ukiagiza Dar ikaja kwa basi, kabla hujamalizia hela ya mtu shika multimita. Singo ya kawaida isome kilo-ohm 5.5 mpaka 7 hivi, hambaka ya kawaida 7 mpaka 9, za nguvu zinapanda zaidi ya hapo. Isiposoma kitu waya umekatika ndani na fundi redio hawezi kuufufua ule. Afu ichomeke kwenye ampu uigonge na bisibisi kidogo, igonge ilie tu, isipige filimbi, ikipiga filimbi koili haijazamishwa kwenye nta na jukwaani itakuaibisha.

Kitufe cha volyumu, singo zinataka cha kilo-ohm 250, hambaka 500. Kwenye mchanganyiko wangu nimeweka 500, singo zikizidi ukali narudisha toni nyuma basi. Mashimo yote niliyapaka gundi nikabandika foili ya jikoni, ile ya kufungia samaki, afu waya wa athi nikaubana na skrubu kwa sababu foili haishiki risasi ya kulehemu hata ufanyeje. Mgumo ulipungua zaidi ya nilivyotegemea.

Kimo usikiache hivi hivi. Bonyeza uzi fret ya mwisho, pima kutoka chini ya uzi mpaka kwenye sumaku. Singo ikikaribia mno sumaku inavuta uzi, noti moja inatoka kama mbili zinagombana, utadhani tyuning imeharibika. Mimi ya bridji niliiacha milimita 2, ya shingo nikaishusha mpaka 3, nikachomeka, nikakamata G, kimya. Nilikuwa bado natabasamu seremala akapiga hodi anataka hela ya patasi yake.