Kujifunza taarabu Unguja: chuoni au klabuni?

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kina ratiba, mwalimu wa ala na somo la kusoma noti. Mtoto ambaye kwao hakuna mpigaji atapata pa kuanzia, na cheti pia.

Klabu ni jambo jengine. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, na elimu ya klabu hupitia sikioni. Kijana hukaa karibu na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa, akamtazama anavyovaa pete za kudonolea kwenye vidole vya shahada, kisha nyuzi zinazokwenda tatu tatu kwa sauti moja. Nyimbo ile ile ataisikia mara ishirini kabla hajaruhusiwa kuigusa. Hapo ndipo anapojua wapi pa kumpisha mwimbaji avute pumzi, na noti haziandiki hilo.

Mimi wangu ningempeleka chuoni kwanza, maana kanuni ni ghali na nyumbani hatunayo. Lakini jioni ya mazoezi ya klabu ningemshika mkono mwenyewe, nimkalishe nyuma ya wazee, asikilize.