Windows 11 au Linux Mint, ipi kwa mashine ya zamani na ipi kwa mpya
Kama mashine yako ni mpya, yaani prosesa ya Intel kizazi cha 8 kwenda juu na ina TPM 2.0 (chipu ya usalama), weka tu Windows 11, wanasema ramu GB 4 inatosha ila kiukweli itakutesa, anzia 8. Shida iko kwa hizi laptopu za mtumba za 2012, 2013 hivi, Windows 11 inazikataa na Windows 10 ndo hiyo huduma yake ya kawaida iliisha Oktoba 14, 2025. Kuna watu wanaruka kile kipimo cha prosesa na TPM kwa kutumia Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuinstoo, na inaingia kweli, lakini Microsoft hawaahidi apdeti kwa mashine kama hizo so mtu wa kazi za ofisi simshauri kabisa. Hapo ndo naipenda Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ile ya Xfce (toleo lake jepesi), inaanzia ramu GB 2, inakubali hata BIOS ya zamani (programu inayoiwasha mashine), na unaijaribu kwanza ukiwa kwenye flashi bila kugusa diski, wifi ikishika na sauti ikitoka ndo unainstoo. Inapokwama ni Photoshop na Microsoft Office yenyewe, LibreOffice ipo kama mbadala wa Office ila mafaili ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) mara nyingi yanavurugika. Na bakapu kwanza jamani, yoyote utakayochagua!